Gari linakula mafuta na umeambiwa "kaflashi kontroboksi"? Fuata dalili kwanza

Haipiti wiki bila mtu kuniletea ombi lile lile: "Fundi, naomba uniwekee programu mpya ya injini, gari linabwia mafuta." Ameambiwa na jirani, au na kijana wa gereji, kwamba kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ikiflashiwa kama simu ulaji unashuka. Ipo siku hiyo ni kweli. Lakini magari mengi yanayoletwa kwa ombi hilo, kompyuta yake ni nzima. Inapiga hesabu vizuri kwa taarifa mbovu inazoletewa na sensa, na ukiiwekea programu mpya itapiga hesabu zile zile kwa taarifa zile zile mbovu. Nimeona watu wakilipia kazi hiyo, wakarudi wiki ya pili na gari lile lile, na tatizo likaisha kwa kubadilisha kipuri kinachoenea kiganjani. Inaniuma, ndiyo maana naandika.

Magari ninayoyazungumzia ni yale yanayojaza barabara zetu: IST, Vitz, Premio, Raum, Noah, Demio, X-Trail, Forester, yaliyoshushwa Dar es Salaam au Mombasa yakiwa yamekwishatumika Japani.

Kwanza upate namba

"Linakula sana" si kipimo. Mshale wa mafuta hauaminiki, na kuweka ya elfu thelathini leo na elfu ishirini kesho hakukuambii chochote. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, endesha maisha yako ya kawaida, kisha rudi sheli ile ile ujaze tena mpaka ijikate. Kama umetembea kilomita 412 na tangi limepokea lita 36.8, gawanya: ni kilomita 11.2 kwa lita. Rudia mara tatu, kwa sababu tangi moja linaweza kudanganya.

Watu wengi hulinganisha namba yao na ile waliyoiona kwenye tangazo la muuzaji wa Japani. Magari ya zamani kidogo yalipimwa kwa utaratibu wa maabara ulioitwa 10-15, ambao mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Humo hamna foleni ya Ubungo, hamna mlima, na AC imezimwa. Kile kibandiko chenye maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha nyuma, chenye alama ya asilimia, nacho kinasema tu kwamba gari lilivuka kiwango cha ulaji kilichowekwa na serikali ya huko. Kwa hiyo usishindane na maabara. Shindana na gari lako la miezi sita iliyopita, au na gari la aina ile ile linalopita njia unayopita wewe.

Ulaji umepanda, na taa ya cheki injini haijawaka

Swali langu la kwanza huwa: nini kilifanyika kwenye gari kabla ya hapo? Jibu la mara nyingi ni "lilichemsha kidogo, fundi akalitengeneza". Basi hapo naenda moja kwa moja kwenye themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto.

Kuna mazoea kwenye gereji zetu: gari likichemsha, fundi anang'oa themostati na kuitupa, eti "nchi yetu ni ya joto, haina kazi". Gari linaacha kuchemsha na mteja anashukuru. Mwaka jana mwalimu mmoja alikuja na IST yenye injini ya 1NZ kutoka Mbagala. Alikuwa ameshapima mwenyewe, anapata 9.3 kwa lita, na alikuwa na fedha ya kuflashi mfukoni. Nilichomeka kifaa cha kusomea, tukatoka naye hadi Barabara ya Kilwa. Kwenye foleni joto la maji lilipanda vizuri. Barabara ilipofunguka tukaanza kwenda sitini, themanini, likashuka: 71, 66, 62. Injini ile inatakiwa ikae juu ya nyuzi 80, maana themostati yake hufunguka kati ya 80 na 84. Tulirudi, nikafungua bolti mbili za mfuniko, ndani hamna kitu. Palikuwa peupe, na gasketi ilikuwa imepakwa silikoni.

Injini ikiwa ya ubaridi, kompyuta inamwaga mafuta zaidi na kupandisha sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), kama inavyofanya asubuhi ukiwasha. Gari la otomatiki huongeza jambo jingine ambalo wengi hawalijui: maji yakiwa hayajapata joto, gia ya juu hucheleweshwa, na klachi iliyomo ndani ya toki konveta, inayounganisha injini na giaboksi, haifungi, kwa hiyo unatembea na mizunguko mingi kwa mwendo ule ule. Hakuna programu itakayotibu hilo. Tuliweka themostati mpya, tukamwaga oili ya 20W-50 aliyowekewa na kumpa 5W-30 iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini ile. Matangi matatu baadaye aliniletea karatasi yake: 11.2, 11.5, 11.1. Fedha ya kuflashi alinunulia tairi mbili.

Hiyo oili nayo isipite kimyakimya. Injini za Kijapani za miaka hii zimeundwa kwa oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30. Ukiweka nzito kwa imani kwamba "inalinda", injini inafanya kazi ya ziada kuisukuma, na mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka na unaosukumwa na oili hiyo hiyo, unachelewa kuitikia. Kama injini imechoka na inakula oili, hapo fundi anaweza kuwa na sababu ya kwenda nzito zaidi. Kwa injini nzima hana.

Mengine yaangalie haraka. Tembea kilomita kumi bila kufunga breki sana, simama, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa: yenye moto kuliko wenzake ina breki inayokwama. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea, na ufuate kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kila psi moja inayopungua kwenye tairi zote inakula takriban asilimia 0.2 ya mafuta, kwa hiyo psi kumi ni kitu unachokilipia kila wiki. Chujio la hewa libadilishe likichafuka kwa ajili ya nguvu ya gari, lakini usilitarajie litarudisha mafuta. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hilo na kukuta kwamba kwenye injini za nozeli zenye kompyuta ulaji haubadiliki sana, kwa kuwa kompyuta inapima hewa inayoingia na kupunguza mafuta kuendana nayo.

Na kama ulaji ulipanda tangu tangi moja mahususi, pamoja na injini kugongagonga au kukosa nguvu mlimani, shuku mafuta yenyewe. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa upo, ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010. Badilisha sheli kwa matangi mawili kabla hujagusa kitu kingine.

Taa imewaka

Usikubali mtu aifute tu. Soma kodi, yaani namba ya hitilafu, iandike, ndipo ifutwe. Kufuta hakutibu, na kunafuta pia ushahidi ambao fundi mwingine angeutumia.

P0128 ni joto la maji halifiki linapotakiwa. Rudi kwenye hadithi ya mwalimu. P0300 hadi P0304 ni misi, yaani silinda kukosa mlipuko, na misi ni mafuta yanayotoka bila kuungua: angalia plagi, koili, halafu nozeli. P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni, na sensa isiyopata joto inaiacha kompyuta ikibahatisha mchanganyiko. P0172 ni mafuta yamezidi. P0171 ni mafuta yamepungua, na hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kodi ya "mafuta kidogo" haiwezi kuhusika na gari linalokula sana.

Inahusika. Chukua gari lililokatwa masega (kichujio cha moshi) kwenye ekzosi, bomba likaungwa kwa kulehemu hovyo. Kuna katundu kadogo mbele ya sensa ya oksijeni. Hewa ya nje inanyonywa kupitia hapo, sensa inaona oksijeni nyingi, inaripoti "mafuta hayatoshi", na kompyuta tiifu inaongeza mafuta kwenye injini ambayo haikuyahitaji. Unasikia harufu kali nyuma, plagi nyeusi, na mashine inasema mafuta ni kidogo! Njia ya kulipata tundu ni rahisi: injini ikiwa baridi, washa, mtu azibe bomba la nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache, wewe sikiliza na papasa kwenye maungio. Utaisikia inapuliza tsk-tsk-tsk.

Namba mbili zinazosema kama kompyuta inadanganywa

Kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu ya simu, kinakuonyesha STFT (marekebisho ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu). Hiyo ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili ibaki kwenye uwiano wa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli. STFT hucheza kila wakati. LTFT ndiyo kumbukumbu yake. Ikikaa kati ya hasi tano na chanya tano, achana na kontroboksi, haina neno. Ikivuka kumi upande wowote, kuna kitu.

Chanya kubwa kwenye sailensi, ikishuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500: hewa inaingia kwa njia ya wizi, mara nyingi mpira uliopasuka kati ya chujio na throto (mlango wa hewa wa injini) au gasketi ya manifodi. Chanya inayokua kadiri unavyobeba mzigo na kupanda mlima: pampu ya mafuta imechoka, chujio lake limeziba, au sensa ya MAF, inayopima hewa inayoingia, ina vumbi na inahesabu hewa pungufu. Hiyo MAF isafishe kwa dawa yake maalumu tu. Dawa ya kabureta na kitambaa vimeua nyingi. Hasi kubwa: nozeli zinavuja, presha ya mafuta imezidi, au valvu inayovuta mvuke wa tangi imekwama wazi.

Na kipimo kimoja cha bure ninachokipenda kuliko vyote. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, weka swichi kwenye ON bila kuwasha, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Vyote viwili vinatakiwa vilingane na hali ya hewa ya nje. Kwa Dar ni kama 26 au 27. Moja ikisema 6, hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba mko Ulaya kwenye baridi, na mafuta yanamwagwa kuendana na huo uongo.

Tahadhari moja kwa wanaopima sensa ya oksijeni: ile ya kizamani hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Toyota nyingi za baada ya hapo zina sensa ya mbele ya aina ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo haichezi hivyo. Nimeona nzima zikitupwa kwa kupimwa kwa kanuni ya zile za zamani.

Kila kitu ni kizima. Sasa tuongee programu

Ukifika hapa, ombi lako lina maana. Watengenezaji hutoa programu mpya za injini na gia kweli, kurekebisha jinsi gia zinavyobadilika, sailensi, au kodi zinazojitokeza bila sababu. Ulaji unaweza kupungua kwa sababu hiyo. Lakini jua kwamba si kila programu mpya imeandikwa kwa ajili ya mafuta. Mwaka 2010 Honda ilitoa programu mpya kwa Civic Hybrid za 2006 hadi 2008 ili kulinda betri ya haibridi, na wenye magari huko Marekani walilalamika kwamba ulaji ulipanda baada ya kuiweka. Kwa hiyo uliza: programu hii inarekebisha nini?

Mashine ikisoma kontroboksi hutoa namba ya programu iliyomo, inayoandikwa CAL ID. Iandike pamoja na namba ya chasisi. Magari ya soko la Japani hayana zile herufi na tarakimu 17. Yana muundo kama NCP61, kistari, kisha tarakimu. Kwa namba hiyo ndipo inatafutwa programu ya gari hilo, la soko hilo. Programu ya Yaris ya Ulaya si ya Vitz ya Japani hata kama injini zinafanana kwa jina, na anayekuambia "zote moja" muage. Magari mengi ya miaka ya 1990 na ya mwanzo wa 2000 hayapokei programu mpya kabisa kupitia soketi ya chini ya usukani, kwa hiyo fundi akikuahidi hilo kwa gari la umri huo, mwombe akuonyeshe CAL ID kabla na baada.

Kuhusu faili za kutengenezwa mitaani, zile za "ekonomi": kwenye dizeli zenye turbo kuna nafasi ya kupata kitu, maana nguvu ikiongezeka chini dereva hukanyaga kidogo. Kwenye petroli ya kawaida isiyo na turbo, mtengenezaji ameshabana kila alichoweza. Mtu akikuahidi asilimia thelathini kwa IST, anakuuzia maneno.

Vivyo hivyo kile kidude cha kuchomeka na kuacha kikiwakawaka. Nimefungua kimoja mezani. Soketi ya gari ina pini 16. Umeme uko kwenye pini ya 16, ardhi kwenye 4 na 5, mazungumzo ya kompyuta kwenye 6 na 14. Ndani mlikuwa na taa tatu, rizista kadhaa na chipu ndogo ya kuziwasha kwa zamu. Pini ya 6 na ya 14 hazikuunganishwa na kitu chochote chenye uwezo wa kuzungumza na kompyuta. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limetathmini au kupima vifaa zaidi ya 100 vilivyodai kuokoa mafuta na halikupata hata kimoja kilicholeta nafuu ya maana.

Siku ya kuflashi

Hatari kubwa ni umeme kukatika katikati ya kuandika. Kompyuta inakuwa imefutwa nusu, na gari haliwaki. Kijana mmoja aliyekuwa jirani yangu wa kazi aliflashi gari kwa betri ya gari peke yake, akiamini dakika kumi hazina neno. Hakujua kwamba kontroboksi ikiacha kazi yake ili kuandikwa, kwenye magari mengi feni ya rejeta inawaka kwa nguvu zote. Nilisikia ile feni kutoka kwenye benchi langu, ikivuma, kisha ikivuma kwa unyonge. Laptopu ikasema imeshindwa. Gari lilikaa pale wiki tatu likisubiri kontroboksi nyingine.

Kwa hiyo dai kuona: chaja ya kushikilia betri iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si ile ya kujazia betri usiku, laptopu iliyochomekwa na yenye betri yake nzima, kebo, wala si bluetooth, AC, redio na taa vimezimwa. Kama fundi ni wa kujitegemea, asome kwanza faili lililomo na akupe nakala kwenye flashi yako kabla hajaandika lolote. Akikataa, usiendelee.

Imeshaflashiwa, na sasa gari limebadilika tabia

Sailensi ikicheza au kupanda siku za mwanzo, kumbukumbu ya throto imefutwa na inajifunza upya. Safisha throto kama ni chafu, fuata utaratibu wa kujifunza wa gari lako, lipe siku mbili tatu. Gia zikigonga kidogo, hiyo nayo ni kumbukumbu. Lakini zikigonga wiki nzima, rudi kwa aliyeandika. Gari likiwaka na kuzima baada ya sekunde moja au mbili, huo ni mfumo wa kuzuia wizi ambao hautambui kontroboksi, na hutokea zaidi pale ilipobadilishwa yenyewe na kuwekwa ya mtumba kuliko pale ilipoandikwa tu. Feni ikiwaka muda wote na mashine haisomi chochote, uandishi haukukamilika. Usiendelee kuwasha-washa, weka chaja na uandike tena kwa kifaa kile kile, kwani zipo kontroboksi zinazokubali jaribio la pili.

Ulaji ukipanda kwenye tangi la kwanza, usihukumu. LTFT imeanza sifuri, na kompyuta inajenga kumbukumbu mpya. Pima matangi matatu, sheli ile ile, njia ile ile. Namba ikibaki chini ya ile uliyoandika mwanzo, kaa na fundi, weka karatasi zote mbili mezani, na arudishe faili la zamani ulilolihifadhi.